TAHADHARI: Konveta za volti 24 kwenda 48 zinazouzwa kama "zimetengwa" Kariakoo. Nimetapeliwa, redio imeungua

Wakuu, naandika hii nikiwa bado na hasira. Nimekaa kimya siku kumi na moja kwa sababu ya aibu, maana mnanijua, mtu akikwama na nyaya za mnarani ananipigia mimi. Nimepigwa, tena kwa kitu ambacho ningekigundua ndani ya sekunde kumi kama ningetoa mita yangu mwenyewe ya kupimia umeme kwenye begi.

Kilima chetu kule juu ya Lushoto ndiko inakopita intaneti ya zahanati na shule ya sekondari, na ilibidi tubadilishe laini ya redio. Zile redio za mikrowevu za mtumba nilizipata, jozi nzima, safi, na aliyeniuzia sina neno naye. Kilichobaki kilikuwa umeme. Kibanda cha kilimani kinaendeshwa na sola, betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo kupata 24, na hasi ya betri imefungwa kwenye ethi, yaani ardhini. Redio ni za umeme wa minara, volti hasi 48, chanya ndiyo iliyoshikana na bodi, yaani ganda la chuma la redio. Nilizipima mezani kwangu, mita ikalia kati ya chanya na bodi. Kwa hiyo nilichokuwa natafuta ni konveta inayopandisha 24 hadi 48 na iliyotengwa kweli, upande wa kuingia na upande wa kutoka visigusane hata kwa waya mmoja. Nalisema hili mapema ili mtu asije kuniambia sikujua ninachonunua. Nilijua.

Nikafika Kariakoo, dukani kwa bwana mmoja anayeuza konveta, saa tano asubuhi. Ni ghorofani, unapita ngazi za nyuma. Nilimkuta anatia solda kwenye bodi ya chaja, kavaa koti la kuakisi mwanga kama la mafundi wa minara, na ukutani kapanga fyuzi, breka na vipande vya kebo ya dishi. Sikumwambia habari ya chanya. Nilisema tu nina redio za 48 na betri za 24. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza, "Bosi wangu, redio zako chanya si ipo ardhini? Na sola yako hasi ipo ardhini?" Nikasema ndiyo. Akachukua konveta iliyokuwa mezani, ya shilingi 90,000, akaisukuma pembeni. "Hii usiiguse, haijatengwa, utaunguza mzigo wote. Chukua hii hapa."

Naomba mnielewe hapo. Mtu anakukataza cha bei rahisi na sababu anayokupa ni sahihi kabisa, ile ile uliyokuwa nayo kichwani tangu Lushoto. Ni wangapi kati yenu wangeendelea kumtilia shaka? Mimi shaka yote ilinitoka pale pale. Nikamwona fundi mwenzangu.

Akanipa boksi la bati jeusi, zito mkononi, limemiminiwa gundi nyeusi mpaka juu, na stika nyekundu imeandikwa ISOLATED. Shilingi 280,000 kwa moja, nikachukua mbili. Akatoa taa mbili za lori, kila moja ya volti 24, akaziunga mfululizo, akafunga konveta kwenye betri zake. Taa zikawaka. Akaweka mita yake: 48.1. Akazima, akawasha tena, 48.1 tena. Nikatazama zile namba nikaridhika. Nikamlipa kwa simu 560,000, hela ya VICOBA, na wenzangu wa kikundi wanajua tulivyoipata.

Jumamosi tukapanda. Kijana wangu akafunga redio juu, boliti kwenye mlingoti, chuma kwa chuma kama inavyotakiwa, na waya wa ethi kutoka kwenye bodi ya redio mpaka kwenye baa ya shaba chini. Mimi nikabaki kibandani. Nikapima kila kitu upande wa 24, sawa. Nikapandisha breka.

Sauti ya kwanza ilikuwa mvumo mdogo, kama nyuki kwenye debe. Nikadhani ni konveta inaanza. Kisha nikasikia harufu ya plastiki, nikageuka nikaona kebo ya data inayotoka mlingotini kuingia kwenye swichi ganda lake limepata malengelenge, karibu shubiri nzima, na moshi mweupe unatoka pale kwenye plagi. Fyuzi ya ampea 30 ilikata baada ya hapo. Zilipita sekunde chache tu kabla haijakata, na zilitosha kabisa: redio ya kilimani imekufa, swichi imekufa bandari zote nane, kebo mita arobaini ya kutupa. Zahanati na shule ya sekondari wamekaa siku tisa bila intaneti, na mganga alikuwa ananipigia kila asubuhi kuuliza kama ni leo.

Kwa wasiofanya kazi hizi, kilichotokea ni hiki. Konveta haikuwa imetengwa. Hasi ya kuingia na hasi ya kutoka ndani yake ni waya mmoja. Sasa chanya ya 48 ikaenda kwenye redio, chanya ya redio ni bodi, bodi ipo kwenye mlingoti, mlingoti upo kwenye ethi, ethi ipo kwenye hasi ya betri, na hasi ya betri ndiyo hiyo hiyo hasi ya 48. Hiyo ni shoti kamili. Na konveta ya aina hii ya kupandisha volti haina uwezo wa kujikinga, kwa sababu kutoka kwenye betri mpaka kwenye chanya ya kutoka kuna koili na dayodi tu, mkondo unapita hata kama umeme wake wa ndani umezimika. Umeme ukigawanyika hupita kila njia iliyo wazi. Sehemu kubwa ilipita kwenye waya wa shaba, nyingine ikapita kwenye kinga ya kebo ya data, ule uzi mwembamba wa ndani, ambao haukutengenezwa kubeba mzigo kama huo.

Nikampigia pale pale kilimani. Akapokea, mpole. Akasema, "Umegeuza nyaya, kaka." Nikamwambia sijageuza, nina picha. Akasema basi, "Kata huo waya wa ethi unaoshuka, itafanya kazi vizuri tu."

Hapo ndipo nilipojua ni mtu wa namna gani. Mlingoti uko juu ya kilima cha Usambara, msimu wa masika, radi zinapiga kila jioni, na yeye ananiambia niondoe ethi ili boksi lake lionekane zima! Kibanda kile wachungaji hujikinga mvua mlangoni. Fundi anayetoa ushauri huo ni wa kufungwa. Sitanii wala sikuzi mambo. Nilipopiga mara ya pili namba yangu ilikuwa imeshafungiwa.

Nikapanda basi mpaka Dar. Alinitazama kama hanifahamu, akanionyesha kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia achukue mita apime mbele yangu. Akasema ana wateja.

Nimerudi nyumbani nikafungua boksi la pili, lile ambalo sikuwahi kuliwasha. Nimetumia patasi na maji ya moto. Nusu nzima ya chini ni saruji. Ndani ya saruji kuna nati na washa za chuma, ndiyo ule uzito niliousifia. Juu yake kuna bodi ndogo yenye koili moja, hakuna transfoma kabisa, na konveta iliyotengwa ya aina hii huwa na transfoma, koili mbili zisizogusana. Kilichonitoa machozi ni picha niliyokuwa nayo kwenye simu, ile konveta ya 90,000 aliyonikataza. Bodi ni ile ile. Koili pale pale, skrubu ya bluu pale pale.

Wanaoniuliza kwa nini umeme wa minara umegeuzwa: ni urithi wa simu za waya. Waya ukiwa chanya kuliko ardhi, unyevunyevu unaula shaba yake, kwa hiyo waliifunga chanya ardhini na waya ukabaki hasi. Gari na sola nyingi za nyumbani ni kinyume. Kwa hiyo mtu akikwambia "48 ni 48 tu" hajakwambia kitu.

Dalili ninazoziona sasa: hakutoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, aliandika kwenye kikaratasi. Stika haina namba ya toleo wala jina la kiwanda. Kila kipimo alitumia mita yake na alipima volti tu. Gundi mpaka juu, huoni ndani. Na pima hivi kabla ya kutoa hela: konveta isiwe imefungwa kwenye kitu chochote, weka mita kwenye mlio, ncha moja hasi ya kuingia, ncha nyingine hasi ya kutoka. Ikilia, rudisha. Pima pia kati ya kila sehemu ya kuunga waya na bati la boksi. Nimepima hili la pili kabla sijalipasua, lililia kama kengele.

Huyu bwana afungiwe duka. Fidia peke yake hainitoshi, afungiwe, kwa sababu anajua anachofanya: mtu asiyejua hawezi kukukataza bodi ile ile kisha akakuuzia mara tatu ya bei ndani ya saruji. Tume ya Ushindani wanashughulikia bidhaa bandia na barua yangu nimeshaipeleka. Polisi nao nimefungua jalada. Kama kuna mwingine aliyenunua boksi jeusi lenye stika nyekundu, usiliwashe, na usilitupe. Yangu mawili ninayo kwenye ndoo, moja limeungua na moja nimelipasua, pamoja na kile kikaratasi chake na muamala wa simu.