Jiwe la nyongo lililogoma kutoka mpaka likapigwa leza

Jamani mi nilijua ukishatolewa kifuko cha nyongo basi habari ya mawe imeisha, kumbe jiwe linaweza kubaki kwenye mrija wenyewe unaopeleka nyongo kwenye utumbo na hapo ndo balaa. Yangu ilianza na kuwashwa viganja na nyayo, usiku nakaa miguu iko kwenye beseni la maji, halafu mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka, macho njano. Ilipokuja homa ya kutetemeka ndo nikakimbizwa hospitali.

Mara ya kwanza walipitisha bomba la endoskopi mdomoni mpaka mwanzo wa utumbo mdogo, wakakata kidogo pale mrija unapofungukia, wakajaribu kulivuta kwa kikapu cha waya. Wapi! Jiwe milimita 18, mrija kwa chini umebana, kikapu hakipati hata pa kupita. Wakaweka stenti, yaani kijibomba cha plastiki cha kuacha mrija wazi, nyongo ishuke, kuwashwa kukapungua, nikarudi nyumbani na jiwe langu. Hakuna aliyeniambia stenti ina muda wake na ukiizembea miezi mitatu ikapita inaweza kuziba homa ikarudi, nilijua kwa kuuliza mwenyewe, na hilo mpaka leo linaniudhi.

Safari ya pili ndo leza. Watu wananiuliza eti ulichomwa tumboni? Hapana, ndani ya lile bomba kubwa kinapita kibomba chembamba chenye kamera, kinaingia mpaka ndani ya mrija, na humo unapita uzi wa leza ya holmiamu. Daktari analiona jiwe laivu, maji ya chumvi yanatiririka, analipiga kidogo kidogo mpaka linapasuka, vipande wanavikokota na puto. Mi nililala fofofo. Baadaye akanionyesha picha, ya kwanza jiwe la kahawia limejaa mrija mzima, ya pili limebaki vipande kama udongo mkavu uliokanyagwa.

Koo liliniuma siku mbili, tumbo likajaa gesi. Walinipima damu kuangalia kongosho maana likivimba ni shida, na antibayotiki nilipewa kwa ajili ya maambukizi ya mrija. Kesho yake nikala.

Ningerudia? Ndio, kuliko kupasuliwa. Ila wameniachia stenti nyingine ya wiki sita, na safari hii sikutoka mlangoni bila tarehe ya kuitoa, nimeizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda.