Laptop iliyovunjika kioo sasa ndiyo spika yangu ya barazani

Nina stesheneri Mikindani, kwenye moja ya zile nyumba za kale za mawe. Kompyuta ya mezani iko chumba cha ndani pamoja na printa na mashine ya fotokopi, maana barazani vumbi na upepo wa chumvi vingeimaliza mapema. Tatizo ni wateja wa nyimbo za flashi. Wao wanakaa barazani, na mtu hataki kulipia wimbo ambao hajausikia. Kila mara ilibidi aingie ndani, ainame kwenye kispika cha kompyuta, huku mwenye barua yake ya kazi anasubiri nimalize kuchapa.

Laptop yangu ilianguka kutoka kaunta, kioo kikapasuka. Fundi aliponitajia bei ya kioo kipya niliirudisha kwenye mfuko wake nikanyamaza. Lakini spika zake nzima, Wi-Fi inashika, betri inakaa. Nikasema hii itakwenda barazani kuwa spika.

Nilianza na Bluetooth. Nikanunua kile kidude cha kuchomeka USB, maana kompyuta yangu haina Bluetooth yake. Vyombo vikiwa meza moja, sauti safi. Nikaitoa laptop nje, ikawa neno linasikika, neno linamezwa. Bluetooth za kawaida wanakuambia mita 10, lakini hiyo ni hesabu ya uwanjani. Ukuta wangu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kiganja mpaka kiwiko. Kidude nikakiuza.

Kilichofanya kazi ni kupitisha sauti kwenye Wi-Fi ya ruta ya ofisini. Mashine zote mbili zinatumia Linux Mint 21, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows. Windows nilishaiondoa kwa kuchoshwa na virusi vya flashi za wateja, vile vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati. Mint hiyo inaendesha sauti kwa PulseAudio, na PulseAudio inajua kupokea sauti ya mashine nyingine bila kuongeza programu yoyote. Kwenye laptop nilifungua dirisha la amri (terminal) nikaandika:

pactl load-module module-native-protocol-tcp auth-ip-acl=192.168.1.10

Hiyo namba ni ya kompyuta ya mezani, maana yake mlango unafunguliwa kwa huyo tu. Usiweke auth-anonymous=1, inayomfungulia mlango yeyote, kama mafunzo mengi yanavyokuelekeza, hasa kama wateja wana nywila ya Wi-Fi yako. Ipo siku kijana atakurushia singeli barazani wakati shehe anapita. Kisha kwenye kompyuta, safari hii kwa namba ya laptop:

pactl load-module module-tunnel-sink server=192.168.1.20

Hapo laptop ikajitokeza kwenye orodha ya spika kama spika nyingine yoyote. Nikaichagua, muziki ukatoka nje. Nilisimama mlangoni nikicheka peke yangu.

Kicheko hakikukaa. Kila baada ya muda sauti inakatika kidogo, inarudi. Siku mbili nalaumu ruta, kumbe ni laptop yenyewe inailaza Wi-Fi yake kubana umeme. Kwenye faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf nilibadilisha 3 ikawa 2, nikaiwasha upya, na mikato ikaisha. Kama utachukua jambo moja hapa, chukua hilo. Nilijaribu pia ile njia ya RTP, inayotangaza sauti kwa mtandao mzima. Wi-Fi yote ikawa nzito mpaka printa ikagoma kupokea kazi. Nikaizima siku hiyohiyo.

Jirani yangu anayeuza ming'oko alisikiliza wiki nzima, mwisho akaniuliza, "Mwanangu, hiyo redio isiyo na waya inakula vocha ngapi?" Nikamwambia haili hata shilingi, mama. Sauti haitoki kwenda intaneti, inazunguka humuhumu ndani, hata bando likiisha nyimbo za kwenye diski zinaendelea. Na ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu sauti inasafiri ikiwa ghafi: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, kulia na kushoto, kama megabiti 1.4 kila sekunde. Saa moja tu ni zaidi ya MB 600.

Ninachokipenda zaidi ni kidogo sana: adhana ikianza, nazima sauti palepale kwenye kiti, siendi nje.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika na kurudi, ruta ilikuwa inagawa namba upya na laptop inapotea, mpaka nilipozifunga namba hizo kwenye mipangilio ya ruta. Ile amri ya kwenye laptop nimeiandika ndani ya /etc/pulse/default.pa, bila neno pactl, ijiwashe yenyewe. Ya kompyuta usiiweke huko. Asubuhi laptop ikiwa imezimwa, amri inakosa wa kuungana naye na spika ya barazani haijitokezi. Mimi nimeifanya faili ndogo ninayoibofya nikifungua ofisi. Na usiziache spika zote mbili zikipiga kwa pamoja, ya ndani na ya nje, utasikia kama misikiti miwili jirani inayopishana adhana.

Kwa nyimbo, redio na mawaidha naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa video ya kwenye kivinjari, mbili. Mdomo unafunga, neno ndiyo linatoka. Kwenye VLC unaweza kubonyeza J kuivuta sauti mbele, milisekunde 50 kila mbonyezo, ila mechi haitazamwi kwa kubonyezabonyeza. Siku ya mechi laptop nairudisha ndani, natumia kispika cha kompyuta.