Uzoefu wangu na Nuru kwenye mihogo ya mama

Msimu wa pili huu naitumia Nuru, programu ya simu ya PlantVillage inayotambua magonjwa ya mihogo, kwenye shamba la mama Mkuranga. Naipenda sana. Haihitaji intaneti shambani, na inaongea Kiswahili. Unaelekeza kamera kwenye jani, palepale inakwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia.

Msiishie jani moja, nawasihi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba kwa jani moja ilipatia asilimia 65, ila kwa majani 6 ya shina moja ikafika kati ya 74 na 88. Mimi huanzia majani ya chini, yale yaliyokomaa, maana huko ndiko michirizi huonekana vizuri. Batobato hukunja yale machanga ya juu.

Mwezi wa nane nilipita mstari ulio karibu na mwembe, simu ikasoma michirizi shina baada ya shina. Nikamwambia mama tung'oe mstari mzima tuchome. Hakubishana na simu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mihogo hii ina miezi mingapi?"

Tisa. Ilikuwa imeshafikia kuvunwa.

Akafukua pembeni ya shina moja, akang'oa mhogo, akaukata vipande kwa kisu. Nyama nyeupe, ila kuelekea mkiani palikuwa na doa la kahawia, gumu, dogo kama punje ya mtama. Akajaribu mashina mengine matatu. Mawili yalikuwa safi kabisa.

Basi akaamua: mstari wote uvunwe wiki hiyohiyo kabla uozo haujasambaa, na pingili zake zisipandwe popote. Mingine tuliiuza mibichi, iliyobaki tukaanika makopa. Ningeifuata haraka yangu, chakula cha miezi kingeishia motoni. Mbegu mpya tulichukua za aina ya mihogo iitwayo Kiroba, kwa jirani ambaye mama amekuwa akilitazama shamba lake miaka mingi, mvua nzuri na mvua mbaya.

Ugonjwa niliujua mapema kwa sababu ya Nuru, na kwa hilo naishukuru. Mimi peke yangu nisingeyatofautisha majani yale. Ombi langu kwa walioitengeneza ni moja: kabla ya kutoa ushauri, imuulize mkulima mihogo yake ina miezi mingapi.