Barry au Eagleton kwa mwaka wa kwanza?

Kwa wanaoanza fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Dodoma, ningewapa kwanza kitabu cha utangulizi wa nadharia za fasihi, Beginning Theory ya Peter Barry, ya 1995. Karibu kila nadharia ina sura yake, na humo mna orodha fupi ya kile wahakiki wa mkondo huo wanachofanya hasa. Mwanafunzi anaiweka kando ya riwaya ya Achebe na kuanza kazi jioni hiyohiyo.

Terry Eagleton, na Literary Theory yake ya 1983, ana kalamu kali zaidi (Umaksi wake wala haufichi), na sura kuhusu Kiingereza kilivyogeuzwa somo Uingereza ni tamu mno. Lakini uhakiki wa baada ya ukoloni (unaosoma fasihi kwa kuangalia athari za ukoloni) hakuupa sura. Kwa darasa la huku, hilo ni pengo kubwa. Asubiri muhula wa pili.