Kijitabu cha masomo ya Biblia: kutii agizo linaloonekana halina busara

Kijitabu hiki, ambacho nilikinunua katika duka la vitabu vya Kikristo, kimeandaliwa kwa ajili ya jumuiya na vikundi vya nyumbani, na kinapitia habari za watu walioagizwa na Mungu kufanya mambo ambayo kwa akili ya kawaida yalikuwa hasara tupu. Somo la Gideoni, ambaye jeshi lake la watu 32,000 lilipunguzwa hadi 300, ni zuri, ingawa wengi wetu tumekwisha kulisikia mimbarani.

Thamani yake hasa imo katika somo la Yeremia 32. Wakaldayo, yaani jeshi la Babeli, wameuzingira Yerusalemu, nabii Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kutabiri kwamba mji utatekwa, na katika hali hiyo anaagizwa kununua shamba la binamu yake Hanameli huko Anathothi. Waandaaji hawana haraka hapa: tunaziona shekeli 17 za fedha zikipimwa katika mizani, mashahidi wakitia sahihi, na Baruku, mwandishi wake, akiagizwa kuzitia hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. (Aliyewahi kuandikishiana kiwanja mbele ya mwenyekiti wa mtaa ataifurahia sehemu hii.) Kisha wanatufikisha kwenye mstari wa 25, ambapo Yeremia, akiwa amekwisha kulipa, anamweleza Mungu waziwazi kwamba haelewi kwa nini anunue ardhi wakati mji umetiwa mikononi mwa adui.

Maswali ya majadiliano ndiyo yaliyoniudhi, kwa sababu karibu yote yanamtaka mshiriki ataje baraka aliyoipata baada ya kutii, ilhali Biblia haisemi popote kwamba Yeremia alilima shamba lile. Inasema alipelekwa Misri pamoja na mabaki ya Yuda. Aidha, mstari wa 8 umerukwa kabisa, nao ndio unaoeleza kwamba nabii alijua hakika kuwa neno lile ni la Bwana pale Hanameli alipomjia kama Mungu alivyokuwa amemwambia nabii. Siku hizi, ambapo mtu huambiwa auze shamba lake kwa jina la utii na fedha zikaishia kwa huyo huyo aliyemwambia, kuuacha mstari huo si kosa dogo.

Karatasi ni imara, lakini herufi ni ndogo mno kwa wazee. Ninakipendekeza kwa kiongozi wa kikundi aliye tayari kutunga maswali yake mwenyewe; kwa anayesoma peke yake, sura ya 32 yenyewe inatosha.