Turubai la tela: kabla hujalipa, kagua pete zake

Katika miaka yote niliyofanya kazi ya mapambo ya harusi, sijawahi kulia barabarani ila siku moja ya Januari, pale Gairo. Tela langu la wazi lilikuwa limebeba kochi jeupe la maharusi, marobota manne ya vitambaa na spika mbili. Tulikuwa tunatoka Morogoro kwenda kupamba ukumbi Dodoma. Ukishaipita Dumila barabara inaanza kupanda, na kule juu upepo haulali. Nikasikia kitu kinapiga kama bati lililoachia misumari. Dereva akaegesha. Turubai lilikuwa limeshikwa na kona moja tu, lingine lote limegeukia nyuma, na mvua ilikuwa inamwagika moja kwa moja juu ya kochi.

Nililikagua turubai lile kwa mikono yangu na halikuwa na tundu hata moja katikati. Kilichong'oka ni pete, yale macho ya chuma ya kupitishia kamba. Saba zilikuwa zimechomoka, kila moja imeacha mdomo uliochanika kwenye upindo. Zilizobaki zilikuwa zimeshaanza kutu chini ya rangi ya dhahabu, na kutu hiyo ilichuruzika na maji ikaacha michirizi ya kahawia kwenye kochi. Bibi harusi alikalia kochi la kuazima. Mimi nilirudisha nusu ya malipo.

Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi, na wapambaji wenzangu na wafanyabiashara wanaovuta tela nyuma ya pikapu, wanunue turubai gani. Unene, rangi na kuzuia maji sitavipigia hadithi ndefu, maana kila muuzaji atakueleza hayo kabla hujauliza. Asichokueleza ni habari ya pete na upindo, na turubai la barabarani linafia hapo.

Fikiria upepo wenyewe. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo unaokutana na mita moja ya mraba unasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 30. Likienda kilomita 40, ni kama kilo saba na nusu tu. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ndiyo maana turubai linalotulia vizuri mjini linakatika mkishika barabara kuu. Juu ya tela langu kuna mita tatu za mraba, kwa hiyo upepo ukiingia chini ya turubai unaweza kulivuta kwa nguvu ya kama kilo 90. Na pete hazigawani mzigo huo sawasawa. Ya kona ya mbele inavutwa kwanza, na ikichomoka, jirani yake inabeba za wawili. Zinafuatana hivyo hivyo mpaka mwisho.

Kwa hiyo ukifika dukani, usikunjue turubai lote kwanza. Shika pete moja kwa vidole viwili ujaribu kuizungusha. Ikizunguka, rudisha, maana imebanwa vibaya na itakula kitambaa kidogo kidogo. Kisha pima umbali wa pete kwa pete. Turubai la mita 3 kwa 2.5 lenye pete kila mita moja lina pete 11. Likiwekewa kila nusu mita linakuwa na 22, na kila pete inapata nusu ya kazi. Pindua upindo uhesabu matabaka: pete iliyopigwa kwenye tabaka moja haifai kwa safari. Upindo wa kuaminika umekunjwa angalau mara mbili na una mkanda au kamba ndani yake, na kona zimeongezewa kiraka. Mwisho, nenda na sumaku. Mimi natumia ya spika iliyokufa. Pete ya shaba halisi haivutwi na sumaku. Ikivutwa, basi ni chuma kilichopakwa rangi, kama za kwangu.

Sasa nitayapanga maturubai yenyewe kuanzia lililo bora, na sifichi mapenzi yangu.

La kwanza, na limeyaacha mengine mbali, ni turubai la PVC nzito lililotengenezwa na fundi kwa vipimo vya tela lako. Lina nyuzi za poliesta katikati na PVC pande zote mbili. Ninalolitumia limekatwa kwenye roli la Polymar, kitambaa cha kampuni ya Mehler ya Ujerumani kinachotengenezwa kwa ajili ya malori. Kama unaweza kukipata, usitafute kingine. Fundi aliunga vipande kwa joto, si kwa sindano, kwa hiyo hakuna matundu ya uzi ya kupitisha maji. Upindo aliukunja mara mbili na kuweka mkanda ndani, akapiga pete za shaba kila nusu mita. Misimu miwili ya mvua imepita na hakuna pete hata moja iliyolegea. Kitambaa cha uzito wa gramu 680 kwa mita ya mraba kinatosha kabisa kwa tela dogo, na turubai zima lina kilo tano tu na kitu. Kasoro yake ni kwamba halipumui. Ukifunika vitambaa vyenye unyevu, jua likiwaka jasho linajikusanya chini na ukungu unaingia. Kausha kwanza.

La pili ni la kitambaa kizito cha pamba kilichotiwa nta. Linapumua, kwa hiyo wanaobeba viti vya mbao au magunia ya nafaka watalipenda. Upindo wake hushonwa kwa uzi mnene na pete hushika vizuri. Lakini likilowa linakuwa zito mno, na ukilikunja bichi ukaliacha stoo wiki nzima, litaoza.

La tatu ni Silpaulin, ya kampuni ya Supreme ya India. Hii ni plastiki ya matabaka yaliyopishanishwa, nyepesi na isiyopitisha maji. Kwa kuzunguka mjini ni nzuri. Kwa barabara kuu, tandaza wavu wa mizigo juu yake na uufunge wavu kwenye tela, ili wavu ubebe upepo badala ya pete.

Yale ya bluu ya kufumwa na mabango ya matangazo yaliyostaafu, funikia matofali nyumbani. Jua letu linayala upesi.

Na wanaoniuliza kuhusu maturubai meupe yenye nembo ya UNHCR, jibu langu ni hapana. Yale ya mita 4 kwa 5 yametengenezwa yawe paa na kuta za watu waliokimbia makwao. Sitamsaidia mtu kuyanunua sokoni.

Kinachoniumiza zaidi ni namna tunavyouziwa. Turubai langu la Gairo nililinunua kwa shilingi 70,000 baada ya kijana wa dukani kuniapia, "Mama, hili ni orijino, mita nne kwa sita." Nilipolipima nyumbani lilikuwa futi 12 kwa 18, yaani mita 3.66 kwa 5.49. Mita za mraba 20 badala ya 24! Nililipia karibu mita nne za hewa. Niliporudi dukani, yule kijana akaniambia saizi ni ya kabla ya kukunja upindo. Upindo gani unaokula nusu mita? Siku hizi naingia na futi kamba mkononi, na wakininunia wanune.

Uzito nao wanautaja wapendavyo. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha urefu kwa upana, kisha zidisha kwa gramu walizokutajia. Turubai la mita 4 kwa 6 la gramu 650 linatakiwa kuwa na kilo 15 na nusu hivi. Omba mzani wa duka la jirani la nafaka. Likisoma kilo tisa, umeuziwa gramu 375 kwa bei ya 650, na hapo una haki ya kudai bei ishuke au kuondoka.

Ukishapata lililo sawa, usilifunge kwa kamba ngumu peke yake. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, pitisha kimoja kwenye kila pete, halafu kamba ifungwe kwenye tyubu. Mpira unavutika turubai linaporushwa na upepo, kwa hiyo pete hazipati ule mshtuko wa ghafla. Kaza upande wa mbele kwanza, na upindo wa mbele uingie chini ya mzigo. Mimi sasa nikitoka Morogoro nasimama Dumila, kabla ya mlima, nazunguka tela na kugusa pete zote 22 kwa mkono. Inanichukua dakika tano, na dereva wangu ameshazoea, anashuka na kuanza na upande wake.