PS4 Slim ya mtumba: uzoefu wangu kwenye umeme, ufundi na CD

Wadau, kila nikikaa na wacheza gemu wenzangu swali ni hilohilo, PS4 (PlayStation 4, ile mashine ya gemu ya Sony) used bado inalipa au nijipinde ninunue PS5 iliyoifuata? Mimi natumia Slim ya mtumba, ile nyembamba iliyotoka 2016, nilichukua Kariakoo kwa jamaa anayeuza used za kutoka nje, na kwa kweli naipenda mno kwa sababu mfukoni imenisaidia na pia sijaagiza plastiki na bati jipya litengenezwe kwa ajili yangu wakati nzima zipo zimejaa madukani.

Ukienda kununua usikubali kuonyeshwa menyu tu, weka gemu zito ucheze hapohapo dukani hata nusu saa, sikiliza feni, ingiza CD uitoe, halafu geuza mashine usome kile kibandiko ujue ni aina ipi. Kwa vipimo vya Sony, PS4 nene ya 2013 ni wati 250, Slim 165, PS4 Pro ile yenye nguvu zaidi 310, PS5 za mwanzo 350. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, kwenye kucheza inakula chini ya hapo, ila tofauti unaiona na kwa sisi tunaonunua umeme wa LUKU kwa mafungu si kitu kidogo.

Halafu kuna hii rest mode jamani, yaani mashine kulala bila kuzimwa. Watu wanaacha taa ya machungwa inawaka usiku kucha wanajua wamezima, kumbe mashine iko macho inakula umeme, hasa kama umeiruhusu ibaki kwenye intaneti na kuchaji pedi ya kuchezea kwa USB. Mimi hayo yote nimeyatoa kwenye setingi na nikimaliza nazima kabisa mpaka swichi ya ukutani. Xbox, mashine za gemu za Microsoft, wao 2023 walileta kitu kizuri, mashine inachagua kupakua masasisho usiku ule muda ambao umeme wa gridi unatoka zaidi kwenye vyanzo safi, kwa maeneo yenye taarifa hizo. Ni nzuri ila kwangu swichi inatosha.

Sasa uzuri wa Slim ni kwamba inafunguka. Ilipoanza kuunguruma nikampelekea fundi, akatoa bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, kufungua tu, vumbi limejibana kwenye zile sahani za kupozea mpaka limekuwa kama pamba ya godoro, na ile pesti ya kupitisha joto juu ya chipu imekauka inabanduka vipande. Akapuliza, akafuta na spiriti, akapaka pesti mpya, tukaiwasha hapohapo mezani na feni ilikuwa huisikii mpaka usogeze sikio. Mashine nyingi zinazouzwa kwa bei ya spea "imekufa inazima yenyewe" tatizo lake ni hilohilo tu na inaniuma sana kuziona zinavunjwavunjwa. Hadi diski ya ndani unabadilisha mwenyewe kwa nyuma, skrubu moja, mimi nimeweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) niliyoitoa kwenye laptop iliyopasuka kioo na gemu zinafunguka haraka kuliko zamani. Ila hakikisha programu ya mfumo imefika toleo la 9.00 kwenda juu, ile ya Septemba 2021, manake kabla ya hapo kibetri cha saa kikifa na huna mtandao gemu zilikuwa zinagoma.

Pedi ndo msitupe kabisa. Analogi, kile kijiti cha kuelekeza mchezaji, ikilegea mchezaji anajiendea mwenyewe, fundi anachomelea nyingine kwa risasi ya kuunganishia, betri nayo inabadilishwa. Ile betri ni ya lithiamu, na betri za namna hii nyingi zina kobalti, na kobalti nyingi duniani inatoka kwa jirani zetu Kongo, upande wa Kolwezi, kuna watu wanaichimba kwa mikono kwenye mashimo, halafu wewe unaitupa jalalani kwa sababu mtu anakimbia pembeni peke yake uwanjani? Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na haikufika hata robo iliyokusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa.

CD nazo nanunua used, nikimaliza nabadilishana na washkaji, CD moja inazunguka mtaa mzima na bando langu linabaki kwa masasisho tu. Hii huwezi kwenye mashine isiyo na sehemu ya CD.

Mapungufu yapo. Gemu mpya nyingi haziji tena kwenye PS4. Mpira bado tuko salama, gemu la mpira FC 26 limetoka mpaka la PS4, lakini GTA VI, lile gemu la magari na uhalifu, limetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu. Kama roho yako iko hapo tafuta PS5 used yenye sehemu ya CD, inasoma karibu CD zote za PS4 kwa hiyo ulizonazo huzitupi, na Slim yako muuzie mdogo wako ikiwa imeshasafishwa.